Sahihi ya Fleti Kumi na Tano

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, Mukadas amesimama mbele ya jiko lake jipya la umeme lenye uso wa kioo, birika mkononi. Gesi ilikuwa imeisha nguvu tangu jana. Mabomba ya joto chini ya madirisha yalikuwa yamepoa tangu alfajiri. Alipofungua bomba la maji likakohoa, likatema matone mawili yenye kutu, likanyamaza. Nje ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, na redio ya jirani, kabla nayo haijazimika, ilikuwa imesema hali itaendelea hivyo siku tatu au nne.

"Mkwe wangu," sauti ya Bibi Rohat ilitoka chumbani, "hiyo chai wameenda kuichuma shambani?"

"Inakuja, Mama," Mukadas alijibu, akaliweka birika juu ya kioo baridi kana kwamba jiko lingeona haya likawaka lenyewe.

Bibi Rohat, mama mkwe wake, alikuwa na miaka sabini na tisa na kifua kibovu. Tetemeko la ardhi lililobomoa mji mwaka sitini na sita lilimlaza hemani miezi kadhaa na mtoto mchanga, na tangu hapo hakukubali kulala katika nyumba isiyo na maji ya akiba, mkate mkavu na kitu cha kuwashia moto. Mpaka Novemba iliyopita, roshani ya fleti kumi na tano ilikuwa milki yake. Palikuwa na chupa arobaini za maji alizozibadilisha kila mwezi, mfuko wa kitambaa uliojaa vipande vya mkate vilivyokaushwa, gunia la makaa ya mawe, mishumaa, na jiko dogo la chuma lenye miguu mitatu, bomba lake la moshi limefungwa kwa magazeti. Watoto wa jengo zima waliiita roshani ile ghala la vita.

Novemba ndipo washenga walipotuma salamu kwamba watakuja kumwona Zilola, binti wa Mukadas.

"Mama, wale wataangalia kila pembe," Mukadas alimwambia. "Watu wana nyumba ya ghorofa mbili na bustani. Wakiona makopo na makaa watasema tumelelewa jalalani."

"Wakija kuangalia roshani badala ya msichana, mnawataka wa nini?"

"Nakuomba, Mama. Mtoto akishaolewa nitakurudishia vyote."

Bibi Rohat alinyamaza, na Mukadas akakifanya kimya kile kuwa ruhusa. Jumamosi, mama mkwe yuko kwa daktari wa macho, alivishusha vyote kwa mikono yake, safari kumi na mbili za kushuka na kupanda ghorofa nne, akavipanga kando ya pipa la taka. Roshani ilipakwa chokaa, ikawekwa viti viwili vya kusukwa na ua la plastiki. Washenga walinywea chai pale pale. Mkate ukavunjwa, posa ikakubaliwa, harusi ikapangwa Machi. Sasa Mukadas alilitazama ua lile kupitia kioo chenye barafu, akalichukia.

Na hilo silo lililomchoma zaidi. Lililomchoma lilikuwa kwenye droo ya kabati. Mukadas alikuwa mshauri wa wanawake katika kamati ya mtaa, na Desemba alipita mlango hadi mlango na kikaratasi cha maandalizi ya baridi: maji ya siku tatu, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, jiko lisilotegemea umeme. Aliwasomea watu kwa sauti ya mwalimu mbele ya darasa, nao wakatia sahihi kwenye daftari. Alipofika fleti kumi na tano, yaani kwake, hakusoma kitu. Aliandika kuwa maji yapo, chakula kipo, jiko lipo, akatia sahihi akiwa amesimama ukumbini na viatu mguuni.

*

Ergash, mumewe, alirudi kutoka sokoni saa nane na nyusi zimeganda. Alikwenda kutafuta mtungi wa gesi na jiko la mkononi, akarudi na mshumaa mmoja.

"Mmoja?"

"Ndio uliobaki. Wa kanisani huu, mama mmoja Mrusi kanihurumia. Mitungi ilikuwepo miwili. Nikakuta watu wamefika bei ya kununulia kondoo, na bado wanasukumana." Alivua glavu, akapuliza vidole. "Muuzaji kaniuliza, wewe si mume wa yule mama wa vikaratasi? Mnatafuta jiko la nini, ninyi si mmejiandaa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini, mama Zilola? Nikasema ni la shemeji."

Wakacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha wakanyamaza kwa sababu Bibi Rohat alikuwa anakohoa. Zilola alikuwa amejilaza pembeni ya bibi yake ili ampashe kwa mwili, makoti yote ya nyumba yamewafunika. Mabaki ya pilau ya jana yalikuwa kwenye sufuria, mafuta ya kondoo yameganda meupe juu yake. Walikula hivyo hivyo, kwa vijiko, kwa aibu, bila kutazamana. Bibi Rohat alijaribu tonge moja, akalirudisha.

"Mkate wangu mkavu ungelainika kwenye chai," alisema. Halafu akaongeza, bila hasira, "Lakini chai nayo haipo."

Jua lilipoanza kuteremka mlango uligongwa. Alikuwa Norbibi wa fleti namba mbili, ghorofa ya chini, mjane anayefagia ngazi za jengo na uwanja wake. Alikuwa mkubwa kwa Mukadas miaka saba au minane, lakini alimwita dada kwa ajili ya cheo, na Mukadas alimwita Norbibi kavukavu.

"Dada Mukadas, samahani kukusumbua. Nimekuja kumchukua Bibi Rohat. Kwangu pana moto."

Mukadas aliushika mlango usifunguke zaidi. Nyuma yake ukumbi ulikuwa wa baridi kama wa nje. Kilichomjia kichwani ni daftari, na sahihi, na mdomo wa jengo zima.

"Ahsante, Norbibi. Sisi tuko sawa. Tuna kila kitu."

"Nilijua mie," Norbibi alisema, na wala hakukejeli, ndiyo maana iliuma. "Nikasema nyumba ya mshauri haiwezi kukosa. Ila kama mtapungukiwa makaa..."

"Tunayo."

Kila neno alilotoa lilitoka na moshi mweupe mdomoni, ukasimama kati yao. Norbibi aliutazama mvuke ule, akautazama uso wa Mukadas, akainamisha macho.

"Haya, dada. Mlango wangu sifungi."

Mukadas aliporudi chumbani, Bibi Rohat alikuwa amefumbua macho.

"Nani huyo?"

"Mfagiaji tu, Mama."

"Nimemsikia alichosema," alisema yule mzee, akageukia ukutani. "Na wewe nimekusikia."

*

Usiku ule ulipita hivyo hivyo. Asubuhi, midomo ya Bibi Rohat ilikuwa imegeuka rangi ya zabibu nyeusi, na alipoulizwa jambo alijibu jingine. Alimwita Ergash kwa jina la baba yake aliyekwisha kufa. Ergash alishika mkono wa mama yake, akaunyanyua, akaurudisha polepole.

"Mifarishi," alisema. "Leta mifarishi ya harusi."

Mifarishi ya bi harusi ilikuwa imepangwa juu ya sanduku la mbao katika chumba cha wageni, kumi na miwili, pamba mpya ndani na hariri ya rangi rangi juu, imefungwa pamoja kwa utepe mwekundu. Shangazi mwenye watoto wengi na mume hai ndiye aliyeufunga, kwa ajili ya baraka. Wangeufungua wanawake wa nyumba zote mbili siku ya harusi, wakihesabu na kutaniana, na mfarishi uliolaliwa kabla ya hapo ungesemwa mpaka Zilola awe na wajukuu. Mukadas alikuwa amelala hatua nane kutoka kwenye rundo lile, akisikia mama mkwe wake akitetemeka, na hakuligusa.

Ergash alitoka jikoni na kisu.

"Usikate utepe!" Mukadas alipiga ukelele.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Katika jengo lisilo na redio wala mashine yoyote, ilipita ukutani na kushuka ngazi zote. Tangu jana hakuwa amepiga ukelele kwa ajili ya mtu yeyote mle ndani, na wote watatu walilijua hilo kwa pamoja.

"Mama yangu anaganda," Ergash alisema taratibu, "wewe unalilia utepe."

Zilola alimpita baba yake na mkasi wa kushonea. Aliukata utepe mara moja, rundo likalegea. "Kama wale hawatanitaka kwa sababu bibi yangu amelalia mfarishi," alisema, "basi nitawashonea mwingine niwazawadie wabaki nao." Akauvuta wa juu, wa manjano na zambarau, ulio mzuri kuliko yote.

Wakamviringisha Bibi Rohat, Ergash akambeba mgongoni. Hakuna aliyesema wanakwenda wapi. Mukadas alifuata nyuma na mifarishi mingine miwili, akiomba milango isifunguke, na bila shaka ikafunguka, mmoja kila ghorofa. Watu waliitazama ile hariri iking'aa kwenye ngazi zenye giza.

"Nipisheni," sauti dhaifu ilitoka ndani ya mfarishi. "Bi harusi anapita."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine. Mukadas alijua kicheko kile ni cha kumfurahia mzee, lakini masikio yake yaliwaka moto hata hivyo.

*

Chumba cha Norbibi kilikuwa kidogo, na ndani yake walikuwa watu tisa. Katikati lilisimama jiko la chuma lenye miguu mitatu. Bomba lake la moshi lilipanda, likapinda, likatokea dirishani kupitia kipande cha bati kilichokatwa duara kwa ustadi, nyufa zimezibwa kwa udongo. Ukutani zilipangwa chupa za maji. Mfuko wa mkate mkavu ulining'inia kwenye msumari, umetariziwa herufi ya jina la Rohat kwa uzi wa buluu. Mukadas aliutarizi mwenyewe mwaka aliokuja kama bi harusi.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Walisogea tu. Norbibi alimlaza Bibi Rohat karibu na jiko, akamsugua miguu kwa mafuta ya mkia wa kondoo, akamnywesha chai ya moto kwa kijiko. Ilichukua karibu saa nzima. Mukadas alisimama mlangoni na mifarishi yake kifuani kwa sababu hakujua aiweke wapi, mpaka mama mkwe wake alipofungua macho na kusema chai imepungua majani. Ergash alikaa sakafuni, akafunika uso.

"Kaa, dada, utachoka," Norbibi alimwambia Mukadas. Akamvunjia kipande cha mkate ule mkavu, akakilowesha kwenye bakuli la chai, akampa kwa mikono miwili. Mukadas alikula. Kilikuwa kitamu, na kila alipomeza alitamani kisiwe kitamu.

Kisha Norbibi akajifuta mikono, akachomoa karatasi nyuma ya kioo cha ukutani. Kilikuwa kile kikaratasi cha Desemba, kimekunjwa mara nne, kina alama za penseli.

"Ulisema utarudi kukagua," alisema kwa haya kidogo. "Kusoma sisomi vizuri, lakini nilikariri ulivyonisomea. Maji nilipata. Mkate nilipata. Jiko nilipata, bomba tu ndilo nililitengeneza. Tochi ndiyo sijapata, dada. Utaniandikia kosa?"

Mukadas aliziangalia zile alama za penseli.

"Hebu," alisema mwanamke mmoja wa ghorofa ya tatu aliyekuwa anaota moto, "hili jiko si ndilo lililokuwa roshani kwenu, Bibi Rohat? Nililiona miaka na miaka nikianika nguo. Limefikaje huku?"

Norbibi aliinamia jiko, akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Alivitoa vitu vile vyote kando ya pipa la taka kwa toroli lake la kufagilia, theluji ya kwanza ikianguka, na alimwona vizuri aliyeviweka. Zilola alimtazama mama yake. Mukadas alitazama bakuli.

"Nilitaka apewe Norbibi," alisema Bibi Rohat kwa sauti nyembamba. "Ghorofa ya chini moshi unatoka vizuri. Nikamwambia mkwe wangu, mpelekee. Akapeleka."

"Maskini, mna moyo," alisema yule mwanamke. "Mkampa mwenzenu, ninyi mkabaki na baridi."

Mukadas angeweza kusema ukweli pale pale. Neno moja lingetosha. Badala yake alimeza mkate uliobaki na kutikisa kichwa, kama mtu anayekataa sifa, na ukaonekana ni unyenyekevu.

*

Siku mbili walikaa mle, watu kumi na watatu na jiko moja. Kila aliyeingia aliambiwa habari ya mshauri aliyemgawia mfagiaji akiba yake, na kila ilipoambiwa iliongezeka kitu. Mara Mukadas alibeba makaa mgongoni. Mara alisema, heri sisi tugande kuliko mjane. Mukadas aliosha mabakuli kwa theluji iliyoyeyushwa, akatoa majivu, akapasua vibao vya sanduku, akakesha akimgeuza mama mkwe wake. Hakuna kazi iliyomwondolea ile aibu. Norbibi hakusema neno, wala hakumtazama kwa namna yoyote, aliendelea kumwita dada.

Mchana wa siku ya tatu tangu umeme ukatike, taa ya darini iliwaka yenyewe, na jengo zima likapiga kelele za furaha. Haikupita saa, Bwana Turob, mwenyekiti wa kamati, akaingia bila kugonga, kofia ya manyoya kichwani, simu mkononi tayari kwa picha.

"Yuko wapi shujaa wetu? Mtaa mzima umenieleza! Mukadas, simama hapo karibu na jiko. Wewe Norbibi simama hapa, shika hicho kikaratasi kionekane. Wilayani wanataka mfano mmoja mzuri, nami nimewaambia ninao. Na lile daftari la maandalizi liletwe, linaondoka leo."

Zilola alipanda kulileta. Mukadas alisimama karibu na jiko kama alivyoambiwa. Norbibi alisimama upande wa pili, amejipangusa uso, amenyoosha kikaratasi chake kifuani kwa mikono miwili, na kwa kuwa alidhani atahojiwa alinong'ona, "Dada, nikiulizwa vimetoka wapi, niseme nini?"

Swali lile, lililoulizwa kwa nia njema kabisa, ndilo lililomshinda.

"Nilivitupa," Mukadas alisema.

"Nini?" Bwana Turob aliteremsha simu.

"Jiko, mkate, maji. Sikumpa mtu. Nilivitupa kando ya pipa la taka ili washenga wasivione, yeye akaviokota. Mama hakuniambia nimpelekee. Mama hata hakujua siku niliyovitoa. Na juzi jioni alikuja kumchukua, nikamwambia tuna kila kitu." Alimtazama Bwana Turob usoni. "Mama alikuwa anaganda nyuma yangu, nikasema tuna kila kitu."

Watu walitazama sakafu, mabakuli, mikono yao. Yule mwanamke wa ghorofa ya tatu alikaza kitambaa chake kichwani, ambacho hakikuwa kimelegea.

"Haya," alisema Bibi Rohat kwa uchungu, "sasa umenifanya mwongo na miaka yangu sabini na tisa."

Mukadas hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani anautua mzigo, kumbe alikuwa anamtwika aliyembebea. Aibu ya siku mbili ilikuwa ndogo mbele ya hii.

Zilola alirudi na daftari. Mukadas alilichukua, akafungua ukurasa wa jengo lao, akaufuta mstari wa fleti kumi na tano kwa kalamu, sahihi na yote.

"Acha wewe!" Bwana Turob aliruka. "Unachafua! Daftari linakwenda wilayani, mshauri. Wanataka karatasi safi, hawataki machozi. Mambo ya nyumbani yamalizeni nyumbani."

"Nitakuandikia safi," alisema Mukadas. Akauchana ukurasa ule, akapiga magoti kando ya kigoda, akauandika upya kuanzia juu, herufi za kishuleni, nyumba kwa nyumba, kama alivyoona kwa macho yake siku hizi tatu. Bwana Turob alisimama juu yake akihema, kisha akatoka nje kuvuta sigara.

Norbibi aliinama begani kwake. "Nisomee wangu, dada."

"Fleti namba mbili. Maji yapo. Mkate upo. Jiko lipo. Tochi haipo." Mukadas alimgeukia. "Si kosa, dada Norbibi. Nitakuletea tochi mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Norbibi alilisikia neno lile, akaliacha lipite.

"Na wako?"

Mkaa ulivunjika ndani ya jiko.

"Fleti namba kumi na tano," Mukadas alisoma chinichini. "Maji hakuna. Mkate hakuna. Jiko hakuna."

"Soma kwa sauti, mkwe wangu," alisema Bibi Rohat kutoka ndani ya mfarishi wa manjano na zambarau. "Masikio yangu nayo yameshika baridi."

Mukadas alivuta pumzi, akashika daftari kwa mikono miwili, akaanza tena.